Mizigo Thelathini na Mmoja

Kila asubuhi Nyamizi alikuwa na kazi tatu kabla ya kunywa uji: kufagia uwanja, kumpelekea babu yake maji ya kunawa, na kumwagilia bustani. Kazi ya tatu ndiyo iliyomchosha. Bustani yao, kijijini Nkololo, ilikuwa na vitanda vinne, kila kimoja urefu wa mita tano na upana wa mita moja. Viwili vilikuwa vya mchicha, kimoja cha mboga ya chainizi na kimoja cha nyanya. Mwezi ulikuwa Septemba. Udongo ulikunywa ndoo sita asubuhi, na kufikia saa sita mchana ulikuwa umekauka na kupasuka kama haukupata kitu. Kisima cha pampu kilikuwa mwendo wa robo saa.

Siku shule ilipofungwa kwa likizo fupi, Mwalimu Januarius aliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi moja tu.

"Kila mmoja apime bustani ya kwao," alisema. "Apige hesabu ya matandazo yanayohitajika, kisha ayatandaze. Nyasi kavu, unene wa sentimita tano. Pungufu ya hapo jua litapita. Ukizidisha sana, maji hayatafika chini na mche utakosa hewa. Sitaki mtu akisie."

Ili wasikisie, alikuwa amewaonyesha kipimo. Walifunga fito wakatengeneza umbo la sanduku uwanjani, mita moja kila upande, wakalijaza nyasi bila kuzikandamiza. Ilihitajika mizigo minane, ile ya kubebwa kichwani, kulijaza sanduku lile. Kwa hiyo kila mtu aliandika daftarini: mita moja ya ujazo ni mizigo minane.

Nyasi zenyewe zilikuwa mahali pamoja tu. Babu yake Nyamizi, Mzee Nkinda, alikuwa na ngitili nyuma ya kaya, yaani kipande cha malisho kinachofungwa tangu masika ili nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, zije kuliwa wakati kila mahali pamebaki vumbi. Aliifunga mwezi Machi. Tangu siku hiyo hakuna mnyama wala mtu aliyeruhusiwa kuingia. Miaka miwili nyuma mvua zilichelewa, malisho yakaisha mapema, na ng'ombe wawili wakafa wakiwa wamelala zizini, mbavu zao zikihesabika. Sasa alibaki mmoja wa maziwa na ndama wake. Ngitili ile ndiyo ingewavusha hadi mvua za Novemba.

Nyamizi aliomba ruhusa kwa woga. Mzee Nkinda, ambaye yeye na watoto wote wa kaya walimwita Guku, aliitazama ngitili, kisha daftari la mjukuu wake. Alikuwa akijiandaa kwenda Lingeka kwa kaka yake kwa siku tano.

"Mwalimu wako amesema mpige hesabu?"

"Ndiyo, Guku."

"Basi piga. Hesabu ikisema mizigo mitatu, kata mitatu. Ikisema kumi, kata kumi. Lakini usikate hata unyasi mmoja zaidi. Nimekuamini wewe na daftari lako."

Jumatatu asubuhi Guku aliondoka. Mama yake Nyamizi, Justina, aliondoka alfajiri kwenda kuuza nyanya sokoni Bariadi, kama alivyofanya kila siku, arudi jioni. Nyamizi alikaa kizingitini na daftari lake. Mita tano mara mita moja mara vitanda vinne: mita za mraba ishirini. Unene aliuandika 0.5. Ishirini mara 0.5 ni kumi. Mita kumi za ujazo mara mizigo minane ni mizigo themanini.

Hakuihakiki hesabu hiyo. Tangu darasa la tatu hakuwahi kupata chini ya tisini katika hisabati, na mtu aliyezoea vema nyingi huacha kutazama nyuma.

Alichukua mundu akaingia ngitili. Siku ya kwanza alikata mizigo minane, ya pili minane, ya tatu saba, ya nne minane tena. Ili mbuzi wasiichezee, aliipanga yote katika chumba cha pamba, ambacho wakati huo kilikuwa kitupu kwa kuwa msimu wa kuuza ulikwisha. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Alijiona mchapakazi.

Alhamisi mchana rafiki yake Joyness alibisha hodi, kofia ya baba yake kichwani.

"Mimi nimemaliza yangu!" alisema hata kabla ya kukaa. "Mizigo kumi na miwili. Huu mgongo si wangu tena, nimeuazima."

"Kumi na miwili?" Nyamizi alishangaa. "Bustani yenu si kubwa kuliko hii?"

"Mita za mraba thelathini. Hii yenu je?"

"Ishirini. Nahitaji themanini. Nimefikisha thelathini na mmoja."

Joyness alicheka hadi kofia ikaanguka. "Themanini! Dada, unafunika mchicha au unaezeka shule nzima? Huo mchicha utachungulia nje lini, mwaka wa uchaguzi?"

"Usinicheke. Njoo uone hesabu."

Joyness alilisoma daftari. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Alichukua rula, akaisimamisha chini na kuweka kidole penye sentimita tano. "Hapa ndipo tano. Urefu wa kidole changu cha kati, haufiki hata. Wewe umeandika nukta tano ya mita. Hiyo ni nusu mita. Nusu mita ni hapa." Akampiga Nyamizi juu kidogo ya goti. "Sentimita tano ni 0.05. Umerukwa na sifuri, mwenzangu."

Nyamizi alirudia hesabu kwa kijiti mavumbini. Ishirini mara 0.05 ni moja. Mita moja ya ujazo. Mizigo minane.

Mizigo ishirini na mitatu ilikuwa imezidi. Ng'ombe wa Guku na ndama wake walimaliza mzigo mmoja kwa siku. Alikuwa amewakatia chakula cha siku ishirini na tatu.

"Lakini si ipo chumbani, mikavu?" Joyness alisema. "Haijaharibika. Mwambie Guku akirudi."

"Nitamwambia."

"Umwambie kweli. Mimi kesho naenda Bariadi kwa shangazi mpaka shule zifunguliwe, sitakuwepo kukusukuma."

Joyness alipoondoka, Nyamizi alitandaza mizigo minane kwenye vitanda vinne, akapima kwa rula mahali kumi. Unene ulikuwa sentimita tano kila mahali. Kisha akafunga mlango wa chumba cha pamba.

Guku alirudi Ijumaa saa tisa. Kabla ya kuketi alikwenda bustanini. Aliinama, akaingiza mkono chini ya nyasi na kuutoa ukiwa na udongo wenye unyevu. Uso wake ulifurahi.

"Umemwagilia saa ngapi?"

"Asubuhi, Guku."

"Na bado kuna maji. Mizigo mingapi imetumika hapa?"

Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Nyamizi alifungua kinywa. Aliwaona wale ng'ombe wawili wa mwaka ule, akauona uso wa Guku aliposimama juu yao.

"Minane, Guku."

Alijiambia kwamba hakusema uongo. Bustani kweli ilikuwa imechukua minane. Lakini alijua kwamba anayesema kweli hana haja ya kujiambia hivyo.

Guku alichukua fimbo yake akaelekea ngitili. Nyamizi alimtazama kwa mbali akitembea juu ya visiki vya nyasi, akihesabu hatua. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakunywa maji aliyopewa.

"Mtu ameingia," alimwambia Justina, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatua kapu lake. "Si mnyama. Ni mundu. Mizigo yapata thelathini. Mtoto amekata minane. Hiyo mingine imekwenda wapi?"

Mama alimgeukia Nyamizi. "Umeona mtu?"

"Sijaona, mayu," alimjibu mama yake. Na hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana likatoka kwa urahisi zaidi.

Jioni hiyo Guku alikwenda kwa mtemi wa sungusungu, mkuu wa ulinzi wa kijiji, Mzee Jilala. Hakumtaja mtu. Alitaja nyasi tu. Lakini mtemi hakuhitaji kutajiwa. Kaya tatu kutoka kwa Mzee Nkinda aliishi Nyanjige, mjane asiye na mtoto, na wiki ile ile alikuwa ameezeka upya jiko lake. Nyasi za paa zilikuwa bado za rangi ya dhahabu. Alipoulizwa, alisema amezileta kwa mkokoteni kutoka Migato, kwa kaka yake. Walinzi wakamwambia kaka si shahidi, damu hutetea damu. Mtemi akatoa amri: mpaka baraza la Jumatatu asubuhi, hakuna mtu wa kumsalimu Nyanjige, kumpa moto, wala kumsaidia mzigo. Baraza likimwona ana hatia, amri hiyo itabaki.

Nyamizi alijua maana ya kubaki. Njiani kwenda shuleni kulikuwa na kaya ya mtu aliyewahi kutengwa. Hakupigwa, hakufungwa. Hakujibiwa tu. Alivumilia miezi minne, kisha akahama na mkewe, na hakuna aliyejua walikokwenda. Paa la nyumba yao lilikuwa limeanguka ndani. Watoto walipita hapo wakikimbia.

Jumamosi Nyamizi alikwenda kisimani. Nyanjige alikuwa amefika kabla yake. Wanawake saba walikuwapo, na siku nyingine kelele zao zingesikika kutoka barabarani. Siku hiyo ulisikika mlio wa pampu tu.

"Mwangaluka," Nyanjige alisalimu kwa Kisukuma.

Hakuna aliyeitikia. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kando. Nyanjige alijaza ndoo yake, akaweka ngata kichwani, akasubiri. Ndoo ya lita ishirini haiinuliwi kichwani na mtu mmoja aliyevuka miaka hamsini. Alitazama huku na huku, macho yake yakamfikia Nyamizi.

"Mwanangu, nitwishe."

Nyamizi alitaka kwenda kumsaidia. Miguu ilirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Nyanjige alimtazama kidogo, akainama, akamwaga nusu ya maji, akaiinua ndoo peke yake na kuondoka. Maji aliyoyamwaga yalitambaa hadi kwenye vidole vya Nyamizi.

Tangu saa hiyo hofu ilibadilika. Mwanzoni alimwogopa Guku. Sasa alijiogopa mwenyewe. Jumapili kanisani padri alisoma na watu wakaimba, naye hakusikia neno. Nyanjige alikaa benchi la nyuma, na benchi lote lilikuwa lake. Wakati wa kupeana amani, alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani mwake. Nyamizi alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko alikokujua. Akisema, ataadhibiwa siku moja, pengine wiki moja. Asiposema, Nyanjige ataadhibiwa maisha yake yote. Hesabu ilikuwa rahisi kuliko ya matandazo. Bado mdomo haukufunguka.

Jumatatu saa mbili filimbi ya sungusungu ililia mara tatu. Guku alivaa koti lake na kuchukua fimbo. Alikuwa amefika kwenye ua wa minyaa aliposikia nyayo nyuma yake.

"Guku, usiende."

"Mtemi ameita. Nisiende kwa nini?"

Nyamizi alimshika mkono babu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mdogo, akamrudisha uani hadi kwenye chumba cha pamba, akafungua mlango. Harufu ya nyasi kavu ikatoka.

Guku aliingia. Alihesabu mizigo mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo. Nyamizi alisimama kizingitini, akisubiri fimbo igeuke.

"Ishirini na mitatu," Guku alisema hatimaye. "Na minane bustanini. Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Nilikosea hesabu, Guku. Niliandika nukta tano badala ya nukta sifuri tano. Nilipogundua nikaogopa. Ulipouliza nikaogopa zaidi."

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

Guku alifumba macho. "Alhamisi," alirudia polepole. Hakuinua fimbo. Alimwonyesha mzigo uliokuwa karibu na mlango. "Jitwishe. Chukua na daftari, na ile rula. Twende."

Njia ya kwenda ofisi ya kijiji haikuwahi kuwa ndefu vile. Watu zaidi ya mia walikuwa wameketi, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Nyanjige alisimama katikati, khanga ameikaza kiunoni. Mtemi Jilala alikuwa ameanza kusema aliponyamaza ghafla kwa kumwona mtoto mwenye mzigo wa nyasi.

"Mtemi," Guku alisema, "niliyesema nimeibiwa ni mimi. Sikuibiwa. Nyasi zote ziko nyumbani kwangu. Mjukuu wangu ataeleza mwenyewe."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mtama. Nyamizi alitua mzigo. Sauti yake ilitoka nyembamba. Alieleza vipimo vya bustani, kisha, kwa kuwa wengi walionekana kutoelewa, alifungua mzigo na kutandaza nyasi chini, akasimamisha rula.

"Nilitakiwa kufika hapa," alisema, akionyesha sentimita tano. Kisha akaweka mkono juu ya goti lake. "Mimi nilipiga hesabu ya kufika hapa. Ni mara kumi."

"Kwa sifuri moja tu?" mtemi aliuliza.

"Sifuri moja, mtemi."

Mzee mmoja alicheka nyuma. "Mtoto huyu angetuuzia pamba, tungetajirika kijiji kizima!" Wachache wakacheka pamoja naye. Mtemi aliinua mkono, kicheko kikakatika.

"Kukosea sifuri si kosa la baraza," alisema. "Wewe ulikuwa kisimani Jumamosi?"

"Ndiyo, mtemi."

"Ulimwona mama huyu?"

"Ndiyo." Machozi yalianza kumtoka. "Aliniomba nimtwishe. Nilirudi nyuma. Nilijua yeye hakukata, kwa kuwa mimi ndiye niliyekata."

Safari hii hakuna aliyecheka. Upande wa wanawake, wale saba wa kisimani waliinamisha vichwa.

Mtemi aliivua kofia yake. "Nasi tuliamua kwa kutazama paa," alisema. "Hakuna aliyekwenda Migato kuuliza. Kosa hilo ni langu. Amri imefutwa. Kila aliyepo hapa atampa mama huyu salamu yake, kuanzia mimi."

Akatangulia. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Nyanjige alijibu.

Walipita mmoja mmoja, wazee, vijana, wanawake na watoto wao. Kwa kila mmoja Nyanjige aliitikia kwa sauti ile ile, isiyopanda wala kushuka. Guku alipofika alivua kofia na kuinamisha kichwa, na akaitikiwa vilevile. Nyamizi alijiweka mwisho.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Nyanjige hakuitikia. Alimtazama. Uwanja wote ulikuwa kimya, na Nyamizi akajua kwa mwili wake wote, kuanzia nyayo hadi utosini, jinsi inavyokuwa kusalimu na kutojibiwa. Huenda ulikuwa muda wa pumzi tano tu.

"Mwangaluka, mwanangu," Nyanjige alisema. "Sasa umejua. Nenda na babu yako."

Walirudi nyumbani hadi zizini. Guku alichukua mzigo uleule, waliokuwa wameufunga tena barazani, akamwekea ng'ombe, na ndama akaja kuchungulia.

"Nyasi zimekatwa zikiwa kavu na zimekaa chini ya paa," alisema. "Hazijapoteza kitu. Hawa watazila, na ngitili iliyobaki itatosha hadi mvua. Bustani yako ina kiasi chake kamili. Kwa hiyo hesabu yako tumeisahihisha, sivyo?"

"Ndiyo, Guku."

"Kesho utakwenda kumsaidia mayu Nyanjige kuteka maji, na kesho kutwa, mpaka shule zifunguliwe. Lakini nisikilize. Anayepima hukosea. Hata mimi nimewahi kukosea kuhesabu ng'ombe wangu mwenyewe. Dawa yake ni kuhakiki kabla ya kushika mundu, na ukiona umekosea, useme siku hiyo hiyo. Alhamisi kosa lako lilikuwa nyasi tu, na mizigo yote ishirini na mitatu imerudi, umeiona. Ijumaa uliponyamaza likawa kosa juu ya mtu. Siku mbili zile alizosalimu bila kujibiwa, mimi na wewe tutazirudisha kwa mizigo mingapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza Nyamizi kuulizwa hesabu isiyokuwa na jibu. Guku alimwachia ndoo mbili tupu za kesho, akaingia ndani.